Je, Wajua? Dawa ya akili inayodai damu

Klozapini ndiyo dawa inayotegemewa pale ugonjwa wa akili wa skizofrenia unapogomea dawa nyingine. Lakini kwa wachache, chini ya mmoja kati ya 100, huangusha vibaya chembechembe nyeupe za damu, hasa nyutrofili, askari wa kwanza dhidi ya bakteria.

Mwaka 1975 Finland ilishtuka: wagonjwa kadhaa waliokuwa wakiitumia walifariki kwa maambukizi. Nchi nyingi zikaisimamisha. Utafiti wa Marekani wa 1988 uliirudishia heshima: asilimia 30 ya wagonjwa walioshindikana kwa dawa nyingine walipata nafuu, dhidi ya asilimia 4 ya waliopewa klopromazini, dawa ya zamani ya skizofrenia. Mwaka uliofuata ikaidhinishwa huko, kwa sharti la kupima damu.

Hatari ni kubwa zaidi miezi ya mwanzo, ndiyo maana Uingereza hupima kila wiki kwa wiki 18 za kwanza. Kichupa kimoja cha damu kutoka mkononi kimeokoa maisha mengi.

Homa ya ghafla, koo linalouma au vidonda mdomoni? Mgonjwa wa klozapini asimeze panadoli akalala. Apimwe damu siku hiyo hiyo.