Kuchagua Kamera na Lenzi ya Kupigia Sinema

Zamani kutengeneza sinema ilikuwa kazi ya makampuni yenye mali nyingi. Kamera zilikuwa nzito na za ghali, na filamu ilikuwa lazima ipelekwe maabara kusafishwa. Mpiga picha hakujua kama amepata au amekosa mpaka filamu irudi. Siku hizi mambo yamegeuka. Kamera ya dijitali haihitaji filamu wala maabara, na picha huonekana papo hapo. Kwa hiyo vijana wengi, hata walio shuleni, huchanga fedha zao wapige sinema yao wenyewe bila kungoja kampuni. Ni jambo jema. Lakini fedha hizo ni chache na zimepatikana kwa taabu. Zikitumiwa vibaya mara moja, sinema haitatengenezwa. Basi yafaa tujue kwanza kamera na lenzi hufanya kazi gani, ndipo twende dukani.

Watu wamefanya makubwa kwa vyombo vidogo. Mwaka 2002 ilitoka sinema ya Uingereza iitwayo 28 Days Later, na sehemu kubwa yake ilipigwa kwa Canon XL1, kamera ndogo ya kaseti. Mwaka 2008 kampuni ya Canon ilitoa 5D Mark II, kamera ya picha za kawaida iliyoweza pia kupiga sinema, na wapiga sinema wasio na kampuni waliipokea kwa furaha. Mwaka 2015 Sean Baker wa Marekani alionyesha Tangerine, aliyoipiga kwa simu za iPhone 5s zilizofungwa lenzi ndogo ya nyongeza. Na hapa Uganda, katika mtaa wa Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana alitoa Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa fedha chache sana, nayo imetazamwa na watu wa nchi nyingi. Hao hawakufaulu kwa bei ya kamera zao, bali kwa kujua kamera yao yaweza nini na haiwezi nini.

Ndani ya kamera

Mahali pa filamu, kamera ya dijitali ina kibamba kidogo kinachopokea nuru, nacho huitwa kihisi. Ukubwa wa kihisi ni jambo la kuuliza kabla ya kununua. Kihisi kikubwa cha kamera kama 5D Mark II kina upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24. Kamera nyingi za bei nafuu za Canon zina kihisi cha upana wa milimita 22 hivi. Nyingine zina kihisi cha milimita 17, na simu zina kidogo zaidi. Kwa kawaida kihisi kikubwa huona vizuri zaidi gizani. Lakini kidogo nacho kina faida yake: kamera na lenzi zake huwa nyepesi, na bei huwa nafuu.

Wauzaji hupenda kusifu wingi wa nukta za picha. Ni kweli kwamba picha ya 4K ina nukta mara nne ya ile ya 1080. Walakini picha iliyotikisika, au yenye uso usioonekana, haiponi kwa kuongezewa nukta. Wala watazamaji wanaoangalia kwa simu hawatatambua sana tofauti hiyo.

Urefu wa lenzi

Kila lenzi imeandikwa urefu wake kwa milimita. Lenzi fupi, mathalan ya milimita 24, huona eneo pana: nyumba nzima, au umati sokoni. Lenzi ndefu, kama ya milimita 85, huona eneo jembamba na kuvuta kilicho mbali. Ya milimita 50 iko katikati, nayo mara nyingi ndiyo rahisi kuliko zote dukani.

Lakini hapa wengi hupotea. Lenzi ileile ikifungwa katika kamera yenye kihisi kidogo huonyesha eneo dogo zaidi. Katika kamera za Canon za kihisi cha milimita 22 zidisha kwa 1.6: lenzi ya milimita 50 itaona kama lenzi ya 80 katika kihisi kikubwa. Ni nzuri kwa uso wa mtu, lakini ndani ya chumba kidogo utarudi nyuma mpaka mgongo uguse ukuta, na bado watu watatu hawataenea. Kwa hiyo mwenye kamera ya namna hiyo atafute lenzi fupi, ya milimita 24 au 28, kwa kazi za ndani.

Tundu la lenzi

Ndani ya lenzi mna tundu linalopanuka na kusinyaa kama mboni ya jicho. Vipimo vyake huandikwa f/1.4, 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16 na 22. Namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Kila ukipanda hatua moja, nuru inayoingia hupungua nusu.

Tundu kubwa lina faida mbili. Huingiza nuru nyingi, na hufifiza vitu vilivyo nyuma ya mtu, hata macho ya mtazamaji yakaenda usoni. Mwaka 1975 Stanley Kubrick alitoa Barry Lyndon, ambamo baadhi ya mambo ya ndani yalipigwa kwa nuru ya mishumaa. Alitumia lenzi ya Zeiss ya milimita 50, yenye tundu la f/0.7, iliyotengenezwa kwanza kwa shirika la Marekani la safari za angani. Lakini tundu kubwa lina gharama yake: nafasi ya kuonekana wazi huwa nyembamba mno. Mwigizaji akisogea kidogo tu, uso wake unafifia. Kwa wanaoanza, f/4 ni salama kuliko f/1.8, hasa kama mwigizaji anatembea.

Mwendo wa picha na taa za umeme

Sinema ni picha nyingi zifuatanazo upesi. Desturi ya sinema ni picha 24 kwa sekunde, na katika nchi za umeme wa mapigo 50, kama zetu za Afrika Mashariki, wengi hutumia 25. Kila picha ipewe nuru kwa nusu ya muda wake, yaani sehemu moja ya 50 ya sekunde. Hapo mwendo wa watu huonekana wa kawaida. Ukipunguza muda huo sana, mtu anayekimbia ataonekana kama anarukaruka.

Kipimo hicho kina faida nyingine. Taa nyingi za umeme wetu hupepesa mara 100 kwa sekunde, ingawa macho hayaoni. Sehemu moja ya 50 huchukua mapepeso mawili kamili, basi kila picha hupata nuru sawa. Kamera iliyotoka Marekani, ambako umeme una mapigo 60, mara nyingi imewekwa kwa sehemu moja ya 60. Ukipiga nayo chini ya taa zetu, picha hupata mistari na kupepesa, na dosari hiyo ni vigumu kuiondoa baadaye. Kabla ya kununua kamera ya mtumba, hakikisha inaweza kuwekwa picha 25 na sehemu moja ya 50.

Jua la mchana

Wapiga picha wana kanuni ya zamani: katika jua kali, weka f/16, na muda uwe sawa na namba ya ISO, yaani namba ya wepesi wa kamera kupokea nuru. ISO ikiwa 100, muda ni sehemu moja ya 100. Lakini sisi tumeshika sehemu moja ya 50, ambayo ni nuru mara mbili, basi tundu litakuwa f/22. Ukitaka f/4 ili nyuma pafifie, ni lazima upande hatua tano: 16, 11, 8, 5.6, 4. Kila hatua huzidisha nuru mara mbili, na hatua tano ni mara 32. Nuru yote hiyo itaiharibu picha.

Dawa yake ni filta ya kijivu, ambayo hufungwa mbele ya lenzi mfano wa miwani ya jua. Inayotufaa hapa ni ile inayopitisha sehemu moja tu ya 32. Filta ni kitu kidogo, na asiyekuwa nayo hulazimika kuchagua kati ya mwendo mbaya na picha iliyoungua kwa nuru.

Nyuso zetu

Jambo hili vitabu vingi vya kamera hulisahau. Kamera inayojipimia nuru yenyewe hutafuta wastani wa vyote inavyoviona. Mtu mweusi akisimama mbele ya ukuta mweupe au mbingu yenye mwanga, kamera huona nuru ni nyingi, ikaipunguza, na uso wa mtu ukawa kivuli kitupu. Uso huohuo ukijaza picha nzima, kamera huona giza, ikaongeza nuru, na ngozi ikawa na rangi ya majivu. Hata siku za filamu mambo hayakuwa sawa: kwa miaka mingi kadi za Kodak za kupimia rangi, zilizojulikana kama kadi za Shirley, zilikuwa na picha za wanawake weupe.

Basi usiiachie kamera ikuamulie. Zima upimaji wa wenyewe, upime nuru usoni pa mwigizaji, ushike kipimo hicho. Mwondoe mbele ya ukuta mweupe. Mgeuze kuelekea dirishani, nuru imjie kwa ubavu, maana ngozi yetu hung'aa vizuri kwa nuru ya ubavuni. Ubao mweupe au shuka safi upande wa pili hurudisha nuru kidogo, na haigharimu kitu. Sinema ambayo mtazamaji haoni macho ya anayelia haiwezi kumliza mtu yeyote.

Lenzi za zamani

Lenzi za kamera za filamu huuzwa kwa bei ndogo, na nyingi bado ni nzuri sana. Hufungwa kwa pete ya kuunganishia. Lakini si kila lenzi hukubali kila kamera. Kila aina ina umbali wake kati ya mdomo wa kamera na kihisi. Wa Nikon ni milimita 46.5, wa Canon EF ni 44, wa Canon FD ya zamani ni 42, na wa Sony E ni 18. Kanuni ni hii: umbali wa lenzi uzidi umbali wa kamera, ili pete ipate mahali pa kukaa. Lenzi ya Nikon hukaa vizuri katika Canon EF. Ile ya Canon FD, ingawa ni ya kampuni hiyohiyo, ikiunganishwa na EF kwa pete isiyo na kioo haiwezi kuonyesha wazi vitu vya mbali. Kamera ya Sony E hukubali lenzi hizi zote.

Kabla ya kulipa, angalia kupitia lenzi kwa kurunzi. Ukiona nyuzi kama za utando wa buibui, hiyo ni kuvu, iache. Kuvu hupenda joto na unyevu, kwa hiyo wakazi wa pwani na kandokando ya maziwa yetu wahifadhi lenzi katika kasha linalofungwa vizuri, pamoja na vifuko vya kukausha unyevu.

Kugawa fedha

Sasa turudi kwenye mchango wenu. Tuseme mna mafungu kumi. Mafungu matatu yawe ya kamera, matatu ya lenzi na filta, mawili ya sauti, na mawili ya miguu mitatu, betri na kadi. Wengi hutoa tisa kwa kamera, na moja linalobaki halitoshi kitu. Kamera mpya hupitwa baada ya miaka michache, lakini lenzi iliyotunzwa huwafaa hata wanafunzi watakaokuja baada yenu. Na sauti msiidharau: mtazamaji huvumilia picha hafifu, lakini asiposikia maneno huondoka.

Kadi nazo zihesabiwe mapema. Kamera inayoandika megabiti 100 kwa sekunde hujaza gigabaiti 45 kwa saa moja. Kadi ya gigabaiti 64 itawatosha kwa saa moja na dakika 25 tu, kisha kazi itasimama. Tena kila jioni nakilini picha mahali pawili, maana kadi ikiharibika hakuna atakayezirudisha.

Mwisho, kabla ya kununua kitu chochote, azimeni kamera au simu yoyote mpige hadithi ya dakika tatu. Hapo mtajua mnakosa nini hasa: nuru, sauti, au lenzi fupi. Ndicho mkanunue, na vingine vitangoje. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.