Tovuti za Umma Sharti Zionekane

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Usemi huo ni wa kweli sokoni, ambako mnunuzi hulishika embe na kulinusa kabla ya kutoa fedha yake. Katika intaneti mambo ni kinyume. Huko mwananchi huona kile tu ambacho injini ya kutafutia, kama vile Google, imemletea mbele ya macho. Ukurasa wa kweli ukikaa nyuma na wa uongo ukatangulia, wa uongo ndio utakaosomwa.

Jambo hili linawahusu askari na polisi kuliko watu wengi. Wakati wa kuandikisha vijana unapofika, matapeli nao hutoa matangazo yao na kudai fedha za fomu. Kijana wa kijijini anayeandika katika simu yake “nafasi za kazi jeshini” hana muda wa kupekua kurasa kumi. Akikutana na tangazo la tapeli kwanza, baba yake atauza mbuzi bure. Kwa hiyo, kuifanya tovuti ya jeshi au ya polisi ipatikane kwa urahisi ni sehemu ya ulinzi wa raia na mali zao.

Katika makala haya tunakusudia kueleza programu ndogo zinazosaidia kazi hiyo, pamoja na hadhari zake. Zaidi ya tovuti 40 katika kila 100 duniani hutumia WordPress, programu iliyotolewa mwaka 2003 na Matt Mullenweg na Mike Little, nayo hupatikana bila malipo. Tangu mwaka 2004 programu hiyo imeruhusu kuchomekewa programu nyingine ndogo, ziitwazo programu-jalizi. Mafundi wengi huziita plagini. Ni mfano wa bunduki iliyofungwa darubini: bunduki ni ile ile, lakini imeongezewa uwezo.

Kabla ya kuzitaja, ni vema tufahamu namna injini ya kutafutia inavyofanya kazi. Hiyo hutuma programu zake kuzunguka intaneti usiku na mchana, zikisoma kurasa na kufuata viungo kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Zilichosoma huwekwa katika faharasa kubwa, na mtu anapouliza, jibu hutolewa humo. Basi mwenye tovuti ana wajibu wa mambo matatu: ukurasa wake ufikike, ueleweke, na ufunguke upesi.

Kwa ajili ya kueleweka, zipo programu-jalizi tatu zinazojulikana sana. All in One SEO ilianza mwaka 2007. Yoast SEO ilianzishwa na Joost de Valk wa Uholanzi mwaka 2010. Na Rank Math ilitoka mwaka 2018. Zote humpa mwandishi nafasi ya kuandika kichwa cha ukurasa na maelezo mafupi yanayoweza kuonekana katika orodha ya majibu. Vilevile huandaa ramani ya tovuti, yaani orodha ya kurasa zinazopaswa kusomwa na injini. WordPress yenyewe imekuwa ikitengeneza ramani ya namna hiyo tangu Agosti 2020, lakini programu hizi humwezesha mwenye tovuti kuchagua kwa urahisi zaidi kipi kiingie na kipi kibaki nje. Itumike moja tu kati ya hizo tatu. Mafahali wawili hawakai zizi moja: mbili zikifanya kazi pamoja, kila moja itatoa vichwa na ramani yake, na injini itachanganyikiwa.

Yoast huonyesha taa za rangi nyekundu, chungwa na kijani kupima maandishi. Taa ya kijani isichukuliwe kuwa amri kwa Google. Ni ushauri wa programu tu. Tena, upimaji huo ulianza kwa lugha za Ulaya, na neno la Kiswahili hubadilika mwanzoni na mwishoni: ajira, kuajiri, walioajiriwa. Mwandishi wa Kiswahili hana budi kutegemea sikio lake. Tangazo lenye kichwa “Zoezi la usajili wa rasilimali watu” halitapatikana kwa kijana anayetafuta “kazi ya polisi”. Maneno ya mwananchi ndiyo yatangulie.

Kwa ajili ya kufikika, ipo programu-jalizi iitwayo Redirection. Anwani ya ukurasa inapobadilika, hiyo humwelekeza msomaji kutoka anwani ya zamani hadi mpya, na huweza kuweka kumbukumbu ya wale waliobisha hodi wasimkute mtu. Kwa ajili ya wepesi, zipo WP Super Cache na W3 Total Cache. Hizo huhifadhi nakala ya ukurasa uliokwisha kutayarishwa, ili seva isiutengeneze upya kila unapoitwa. Google hushauri kwamba sehemu kubwa ya ukurasa ionekane ndani ya sekunde 2.5. Ofisi inayobandika picha za gwaride bila kuzipunguza ukubwa haitafikia kiwango hicho, hasa kwa msomaji wa simu mwenye mtandao hafifu.

Sasa tuseme habari ya hadhari. Mwezi Desemba 2021 ilitangazwa kwamba All in One SEO, iliyokuwa katika tovuti zaidi ya milioni 3, ilikuwa na kasoro iliyoweza kumwezesha mtu mwenye akaunti ya cheo cha chini kujipandisha madaraka ndani ya tovuti. Kasoro hiyo ilirekebishwa katika toleo la 4.1.5.3, lakini aliyekawia kulipokea toleo hilo aliliacha lango wazi. Kila programu-jalizi ni mlango mmoja zaidi wa kulindwa. Zichukuliwe katika ghala rasmi la WordPress au kwa mtengenezaji mwenyewe. Zile za wizi zinazogawiwa bure huweza kubeba sumu ndani yake.

Hadhari ya pili ni hii: kuiambia injini isisome ukurasa si kuuficha. Faili la maagizo kwa injini, robots.txt, husomwa na mtu yeyote, na kutaja humo folda ya siri ni kumwonyesha adui mahali pa kuitafuta. Waraka wa siri hauwekwi kabisa katika tovuti ya umma.

Mwisho, ndugu wasomaji, asitokee mtu wa kuwauzia ahadi ya nafasi ya kwanza. Hakuna fundi awezaye kuidhamini. Tunawashauri maofisa wanaotunza tovuti wachague programu chache, wazipe matoleo mapya mara zinapotoka, na waondoe zisizotumika. Kisha kila kabla ya kuandikisha vijana, wachukue simu ya kawaida, waandike maneno ambayo kijana angeyaandika, na watazame ni nani anayejibu kwanza. Akiwa ni tapeli, kazi ianze siku hiyo hiyo.