Dawa ya sumu ya risasi na mtoto mwenye usonji

Mzazi akiingia na bahasha ya majibu ya mkojo kutoka maabara ya ng'ambo, swali la kwanza huwa nalijua: "Daktari, hii zebaki tutaitoaje?" Karatasi yenyewe inatisha. Ina mistari ya kijani, njano na nyekundu, na ule wa zebaki au wa risasi umekimbilia kwenye nyekundu. Ameshaambiwa kwamba usonji wa mwanawe ni sumu ya metali, na kwamba sumu ikitoka, maneno yatakuja.

Tiba anayoiulizia inaitwa kelesheni, yaani dawa zinazonasa metali mwilini na kuzitoa kwa mkojo. Sisemi ni uganga. Ni dawa za hospitali na zina kazi yake. Mwaka 2010 katika jimbo la Zamfara, kaskazini mwa Nigeria, vumbi la uchimbaji dhahabu lililojaa risasi liliua watoto wasiopungua 400, na wengi waliobaki walitibiwa kwa dawa iitwayo DMSA. Hapa kwetu, mtoto aliyekulia Owino Uhuru, Mombasa, jirani na kilichokuwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, ana kila sababu ya kupimwa risasi. Lakini kinachopimwa ni damu, na dawa huanzishwa kiwango kinapofika mikrogramu 45 kwa desilita. Hapo tunatibu sumu ya risasi, mtoto awe na usonji au asiwe nao.

Basi ile karatasi ya rangi imetoka wapi? Hapa ndipo wazazi wanapochezewa, na hawaelezwi. Mara nyingi mtoto hupewa kwanza dozi ya dawa ileile ya kunasa metali, kisha mkojo wake hukusanywa kwa saa kadhaa. Sasa, kila mmoja wetu ana chembe za risasi na zebaki mwilini, kutokana na samaki, maji na vumbi. Ukimpa mtu yeyote dawa ya kuzifukuza, zitatoka. Halafu maabara inaulinganisha mkojo huo na viwango vya watu ambao hawakupewa dawa yoyote. Ni sawa na kukung'uta mkeka uani, kisha kulinganisha vumbi lililotimka na la mkeka uliotulia sakafuni. Hata mimi ningetoka mwekundu. Chama cha madaktari wa sumu cha Marekani kilitamka mwaka 2009 kwamba kipimo cha namna hii hakijathibitishwa kisayansi, hakina faida iliyoonekana, na kinaweza kudhuru. Kwa hiyo, kabla hatujabishana kuhusu dawa, mwulize aliyepima: mtoto alipewa nini kabla ya kukojoa?

Wengine huuliza kuhusu zebaki ya chanjo. Chanjo ya surua, inayolaumiwa kuliko zote, haina zebaki. Kihifadhi chenye zebaki kiliondolewa katika chanjo za watoto nchini Denmark mwaka 1992, na Marekani kikawa kimeondolewa katika chanjo za kawaida za watoto wachanga kufikia 2001. Idadi ya watoto wanaogunduliwa kuwa na usonji iliendelea kupanda.

Swali jingine linanisikitisha zaidi: "Usiku nimwamshe?" Ratiba ya kelesheni inayofuatwa na wazazi wengi ilibuniwa na Andrew Cutler, mkemia wa Marekani, si daktari wa watoto. Dozi ndogo hutolewa kila baada ya saa 3 au 4, usiku na mchana, siku 3 mfululizo, kisha mapumziko, kisha duru nyingine, na wapo wanaoendelea hivyo kwa miaka. Mtoto mwenye usonji mara nyingi usingizi wake ni wa taabu tangu mwanzo. Kumkatizia huo kidogo alio nao ni gharama ambayo hakuna anayeihesabu.

"Lakini mtoto wa fulani ameanza kusema." Naamini. Watoto wenye usonji wanakua, wanajifunza, na wengine huanza kusema wakiwa na miaka minne au mitano bila dawa yoyote. Mwaka 1999 watafiti wa Marekani walijaribu homoni iitwayo sekretini, iliyokuwa imevuma kama tiba ya usonji. Nusu ya watoto walichomwa homoni, nusu wakachomwa maji ya chumvi, na wazazi hawakujua nani kapata nini. Takribani watoto watatu kwa kila kumi walionekana kupata nafuu, katika makundi yote mawili. Kinachonigusa ni kilichofuata: wazazi walipoelezwa matokeo, asilimia 69 walisema bado wanavutiwa na homoni ile. Siwacheki. Mzazi anayelala na kuamka na hofu hashindwi kwa takwimu za siku moja.

Na je, kujaribu kuna hasara gani? Ipo. Agosti 2005, jimboni Pennsylvania, mtoto wa kiume wa miaka 5 mwenye usonji alichomwa dawa ya kunasa metali aina ya EDTA kwenye mshipa. Kalisi katika damu yake ikaporomoka, moyo ukasimama, akafariki. DMSA nayo inaweza kushusha chembe nyeupe za damu na kulichokoza ini. Halafu kuna panya wa Chuo Kikuu cha Cornell: wale waliokuwa na risasi mwilini walinufaika na DMSA, lakini wasiokuwa nayo walibaki na kasoro za kudumu za kujifunza. Mwaka 2008 taasisi ya serikali ya Marekani iliyokusudia kuijaribu dawa hiyo kwa watoto wenye usonji ikaachana na mpango huo.

Wengine huuliza pia kuhusu chakula. Kuondoa ngano na maziwa katika mlo wa mtoto sitaki kukuzungumzia kirefu. Majaribio hayajaonyesha faida kwa usonji wenyewe, na mtoto anayekula vitu vitatu tu ukimnyang'anya viwili atakonda. Ukitaka kujaribu, mwone kwanza mtaalamu wa lishe.

Fedha zinazokwenda kwenye vipimo na dawa hizi zingefanya nini? Zingelipia kipimo cha usikivu, maana kuna watoto wanaoambiwa wana usonji kumbe hawasikii. Zingelipia mtaalamu wa lugha na matamshi, na picha za kumwezesha mtoto kuonyesha maji, choo, kichwa kinauma. Zingegharimia uchunguzi wa kifafa, ambacho huandamana na usonji mara nyingi na kina dawa. Mafunzo kwa wazazi yaliyoandaliwa na Shirika la Afya Duniani yanafundisha kucheza na mtoto na kumwongoza katika kazi za kila siku za nyumbani, na hayahitaji vifaa vya gharama.

Kama umeshaanza kumpa mwanao dawa hizi, acha kutoa dozi nyingine kisha njoo hospitali na chupa zote, hata zile zenye maandishi usiyoyaelewa. Tutapima damu, ini, figo na kalisi. Usifiche chochote kwa kuogopa kugombezwa.