Damu ya Mzee Haionekani Chini

Nyuzi mbili zilikuwa mezani, na kwa macho yangu zote nyeusi. Fundi hakuniamini, wala hakuiamini taa yake. Alizichukua pamoja na kipande cha suruali ya sare, akapanda ngazi hadi barabarani, akazinyoosha juani. Moja ilikuwa nyeusi. Nyingine bluu, tena bluu isiyo na ubishi.

Chumba chake cha kushonea kipo Miyomboni, Iringa, chini ya usawa wa barabara. Mji umekaa kilimani, na ukuta wa nyuma wa chumba umeegemea udongo. Dirisha hakuna. Taa nyeupe huwashwa saa mbili asubuhi, ikazimwa anapofunga.

Bluu ya giza ina nafuu, anasema. Adui wake ni damu ya mzee. Sare za kwaya hula jora zaidi ya moja, na majora mawili yaliyofanana kama mapacha chini ya taa yanaweza kufika kanisani mikono ikiwa kahawia na kifua chekundu. Viwanda havichanganyi rangi kwa namna moja, na taa haitoi rangi za mwanga kwa uwiano wa jua, ndiyo maana vitambaa hupatana ndani vikagombana nje. Bitana, vifungo, zipu, vyote hupandishwa. Mvua ikinyesha, anasubiri. Hata sokoni Mwanjelwa, Mbeya, mnunuzi wa kitenge anayejua anachokitaka huomba kitolewe mlangoni.

Kitambaa kinapelekwa juani kwa sababu kosa lake mteja ataliona. Kosa la mwili wa anayekishona linaonekana wapi?

Ndani ya jicho zimo seli ambazo kazi yake kubwa ni kuuambia ubongo kwamba kumekucha. Mwaka 1962 Mfaransa Michel Siffre alikaa pangoni kama miezi miwili bila saa wala jua. Alipoambiwa muda umekwisha, tarehe 14 Septemba, yeye alidhani ni 20 Agosti. Fundi hajapotewa na tarehe, wateja hawamruhusu. Ila saa nane mchana kope humwelemea, na usiku usingizi humkimbia. Juni na Julai, baridi inapouma, huwasikia majirani juu ya kichwa chake wakiota jua na kupiga soga, naye yuko kwenye cherehani.

Siku zenye rangi nyingi za kulinganisha, anasema, uchovu hupungua. Ni jua, au ni miguu iliyopata kunyooka? Mimi niliitilia shaka pia pasi ya mkaa iliyokuwa kwenye kona isiyo na hewa. Nilipomwambia alicheka, kisha akaisogeza mlangoni.

Vyumba vya juu vina madirisha, ila kodi yake fundi haimudu. Ameomba ukuta utobolewe juu ya mlango, yawekwe matofali ya vioo. Mwenye nyumba hajakataa. Ameuliza tu nani atalipa, na mpangaji akihama, vioo vitakuwa vya nani.