Jinsi neno 'huenda' lilivyopotea kabla ya vita vya Iraq

Kuna ubishi mmoja wa kisiasa nchini Marekani ambao haujapoa tangu mwaka 2003, na kwa maoni yangu kiini chake ni uteuzi wa kitenzi. Upande mmoja husema Rais George W. Bush na wenzake 'walidanganya' ili wapate kuivamia Iraq. Upande wa pili husema la, 'walikosea', tena walikoseshwa na mashirika yao wenyewe ya ujasusi. Ukiwasikiliza wabishani hawa kwa makini utagundua kwamba wanakubaliana kuhusu matukio mengi. Wanachogombea ni neno la kuyaitia.

Hebu basi tuyapime maneno yenyewe, maana hii ndiyo kazi ya ukumbi huu. Kusema uongo ni kutamka jambo ilhali unajua si kweli. Kukosea ni kutamka lisilo kweli huku ukiamini kuwa ni kweli. Mdomoni sentensi ni ile ile. Tofauti imo moyoni mwa msemaji. Ndiyo sababu ubishi hauishi. Kila upande unadai kuona ndani ya moyo wa mtu mwingine.

Isitoshe, kila kitenzi kina faida yake kisiasa. Ukisema 'alidanganya', lawama zote zinamwangukia rais na chama chake cha Republican, na wanasiasa wa Democratic waliomuunga mkono wanageuka kuwa watu waliohadaiwa. Nao hawakuwa wachache. Oktoba 2002, Seneti iliidhinisha matumizi ya nguvu za kijeshi kwa kura 77 dhidi ya 23, na 29 kati ya hizo 77 zilikuwa za maseneta wa Democratic. Ukisema 'ujasusi ulikosea', rais anatoka msafi, na mzigo wanabebeshwa makachero ambao kazi yao haiwaruhusu kujitetea hadharani.

Je, kuna neno la tatu? Lipo, na ili kulifikia yatupasa kwanza kujua taarifa ya kijasusi ni kitu gani.

Hapa Kiswahili kinatufaa kuliko Kiingereza. Neno ambalo Waingereza hulitumia kwa shughuli hii ndilo hilo hilo wanalolitumia kwa akili, na msikilizaji hushawishika kudhani kwamba anachoambiwa kimepitia kwenye mizani ya werevu. Sisi tulichukua 'jasusi' kutoka Kiarabu, na neno hilo linatukumbusha papo hapo kwamba habari zenyewe zimepatikana kwa kuchungulia. Anayechungulia haoni chumba kizima. Huona kona ya meza, mkono wa mtu, kivuli ukutani. Taarifa ya kijasusi ni vipande vya namna hiyo: picha ya setilaiti, mazungumzo ya simu yaliyonaswa, maneno ya mkimbizi anayetafuta hifadhi. Madai kwamba Iraq ilikuwa na maabara za silaha za viini zilizofungwa juu ya magari yalitegemea hasa maelezo ya Mwiraki mmoja aliyekimbilia Ujerumani, ambaye majasusi walimpa jina la siri la Curveball. Mwaka 2011 alikiri hadharani kwamba alikuwa ameyabuni.

Kwa kuwa vipande havitoshi, lugha ya ujasusi hutegemea sana maneno kama 'huenda', 'yamkini', 'pengine', 'tunakadiria'. Wapo wanaoyaona kuwa maneno ya woga. Kwangu mimi ndiyo sehemu muhimu kuliko zote katika sentensi, kwa sababu ndiyo humwambia msomaji aegemee kiasi gani.

Aliyelitambua jambo hili mapema ni Sherman Kent, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Yale aliyejiunga na Shirika la Ujasusi la Marekani, CIA. Mwaka 1951 kikosi chake kiliandika kwamba kulikuwa na uwezekano wa kutiliwa maanani kuwa Yugoslavia ingeshambuliwa. Afisa mmoja akamuuliza: uwezekano huo ni wa kiasi gani? Kent mwenyewe alikuwa na asilimia 65 akilini. Alipowauliza wenzake walioidhinisha maneno hayo hayo, akakuta mmoja alimaanisha asilimia 20 na mwingine 80. Sentensi moja, kikosi kimoja, na maana zilizotofautiana kama usiku na mchana! Mwaka 1964 Kent aliandika makala akipendekeza kila neno la makadirio lipewe kiwango chake cha asilimia. Wenzake wengi hawakumsikiliza.

Sasa tuje Oktoba 2002. Mashirika ya ujasusi ya Marekani yaliandaa hati ya siri ya zaidi ya kurasa 90 kuhusu silaha za Iraq. Ilikuwa na dosari zake, lakini hukumu zake kadhaa zilianza kwa 'tunakadiria kwamba', na ndani yake mlikuwa na wapinzani. Kitengo cha ujasusi cha Wizara ya Mashauri ya Kigeni hakikukubali kwamba ushahidi ulitosha kusema Iraq ilikuwa imefufua mpango wake wa nyuklia. Wizara ya Nishati nayo ilisema mabomba ya aluminiamu yaliyozua gumzo yaelekea hayakuwa ya kurutubishia urani.

Siku chache baadaye kukatolewa hati nyingine kwa ajili ya umma. Humo 'tunakadiria kwamba Iraq imeendelea na mipango yake ya silaha' ikawa 'Iraq imeendelea na mipango yake ya silaha'. Angalia kilichotokea. Hakuna aliyeongeza neno la uongo. Mtu amepunguza maneno mawili tu, na kadirio likageuka kuwa habari. Kamati ya Ujasusi ya Seneti, katika ripoti yake ya Julai 2004, ilisema waziwazi kwamba kuondolewa kwa tahadhari hizo kuliupotosha umma kuhusu maoni halisi ya wachanganuzi.

Mfano wa pili ni wa kitenzi. Katika hotuba yake kwa taifa ya Januari 28, 2003, Bush alisema kwamba serikali ya Uingereza imebaini kuwa Saddam Hussein alikuwa ametafuta kiasi kikubwa cha urani barani Afrika. Kwa Kiingereza sentensi hiyo ina maneno 16, na imezua vitabu na kesi mahakamani. Itazame kama mwanafunzi wa semantiki. Nikisema 'Juma anaamini kwamba mvua imenyesha', sijakuambia lolote kuhusu mvua. Nikisema 'Juma amebaini kwamba mvua imenyesha', nimekuthibitishia mvua, tena bila kuonekana kwamba mimi ndiye shahidi. Vitenzi kama kujua, kubaini na kugundua hubeba ukweli wa jambo linalofuata. Kuamini, kudhani na kudai havibebi. Kwa hivyo rais aliwaachia Waingereza dhima ya ushahidi, huku akiwapa wasikilizaji uhakika kamili.

Kumbe miezi mitatu kabla ya hapo CIA ilikuwa imeshauri dai la aina hiyo liondolewe katika hotuba ya Bush ya Cincinnati, na likaondolewa. Machi 7, 2003, mkuu wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, Mohamed ElBaradei, aliliambia Baraza la Usalama kwamba hati za mauzo ya urani ya Niger hazikuwa halali. Julai mwaka huo mkurugenzi wa CIA, George Tenet, alikubali kwamba maneno yale 16 hayakustahili kuwamo katika hotuba ya rais. Hata hivyo, uchunguzi wa Butler nchini Uingereza mwaka 2004 ulisema dai la Waingereza lilikuwa na msingi, kwani halikutegemea zile hati za kughushi. Kila chama kikachukua nusu kilichoipenda.

Mfano wa tatu unatugusa sisi Wakenya na jirani zetu Watanzania. Februari 5, 2003, Waziri wa Mashauri ya Kigeni Colin Powell alisimama mbele ya Baraza la Usalama, akasisitiza kwamba anayoyasema si madai bali mambo ya hakika yaliyojengwa juu ya ujasusi thabiti. Katika hotuba hiyo alizitaja balozi za Marekani zilizolipuliwa Nairobi na Dar es Salaam mnamo Agosti 7, 1998. Kwa mujibu wa mfungwa mmoja wa al-Qaeda, alisema Powell, Saddam alizidi kuwa tayari kulisaidia kundi hilo baada ya milipuko hiyo. Hivyo ndivyo maafa yetu, yaliyoua zaidi ya watu 200 jijini Nairobi, yalivyotumiwa kuunga mkono hoja ya vita vya mbali. Mwaka 2004 tume iliyochunguza mashambulizi ya Septemba 11 haikupata ushahidi wa ushirikiano wa kiutendaji kati ya Iraq na al-Qaeda.

Silaha zenyewe hazikupatikana. Januari 2004, David Kay, aliyekuwa ameongoza msako, aliwaambia maseneta kwamba karibu wote walikuwa wamekosea. Baadaye mwaka huo ripoti ya mrithi wake, Charles Duelfer, ilithibitisha kwamba Iraq haikuwa na akiba ya silaha za maangamizi wakati wa uvamizi. Kufikia hapo watu walikuwa wakizikwa. Vita hivyo vimeua zaidi ya wanajeshi 4,400 wa Marekani, na raia wa Iraq zaidi ya laki moja.

Hata uchunguzi uliofuata ulitiwa kwenye mizani ya vyama. Kamati ya Seneti iliigawa kazi yake mafungu mawili. Fungu la kwanza, kuhusu makosa ya majasusi, lilitoka Julai 2004 na likaungwa mkono na pande zote. Fungu kuhusu jinsi wanasiasa walivyozitumia taarifa hizo lilisogezwa hadi baada ya uchaguzi wa mwaka huo, na sehemu yake kuu ikatoka Juni 2008. Safari hii ni Warepublican wawili tu waliounga mkono. Nayo tume iliyoundwa na Bush mwenyewe ilisema mwaka 2005 kwamba majasusi walikuwa wamekosea kabisa na kwamba haikuona ushahidi wa kushinikizwa. Ila haikuwa imepewa mamlaka ya kuchunguza namna wanasiasa walivyoyatumia waliyoambiwa. Anayesema 'walikosea' hunukuu ripoti ya 2005, na anayesema 'walidanganya' hunukuu ya 2008.

Jibu ninaloliona kuwa karibu zaidi na haki lilitoka Uingereza. Julai 2016, baada ya kazi ya miaka saba, tume ya Sir John Chilcot ilisema kwamba hukumu kuhusu ukubwa wa tishio la Iraq ziliwasilishwa kwa uhakika usiostahili. Hilo ndilo neno letu la tatu. Waswahili tunaliita kutia chumvi, ingawa hapa chumvi ilitiwa kwa kupunguza, yaani kwa kuliondoa 'huenda'. Mtia chumvi si lazima awe mwongo. Pengine anaamini kabisa kwamba silaha zipo. Uongo wake, ukiwapo, hauhusu silaha. Unahusu kiasi cha ujuzi wake. Amesema 'najua' mahali pa 'nadhani', na kwa serikali inayopeleka vijana vitani hilo ni kosa zito linalopaswa kujibiwa, hata kama hakuna anayeweza kuthibitisha nia.

Lakini kanuni hii inakata kuwili. Anayeimba kwamba rais alidanganya naye amefuta 'huenda' yake. Anajuaje yaliyokuwa moyoni mwa Bush? Kilichothibitishwa ni kwamba tahadhari ziliondolewa, kwamba wapinzani wa ndani walifichwa, na kwamba vitenzi vya hakika vilitumiwa pasipo na hakika. Hayo yanatosha kumhukumu kiongozi bila kumwazima Mungu kazi yake ya kusoma nyoyo.

Baada ya fedheha ya Iraq, mashirika ya Marekani hatimaye yalirudi kwa Kent. Miongozo yao ya sasa inasema 'yaelekea' iwe kati ya asilimia 55 na 80, na 'karibu hakika' kuanzia 95. Sisi tuna akiba nzuri ya msamiati wa aina hii, sema tu hatujaupima. 'Huenda', 'labda', 'yamkini' na 'bila shaka' tunayatumia kiholela. Tuna hata 'eti', kijineno kidogo kinachomtahadharisha msikilizaji kwamba msemaji hajajifunga na habari anayoisimulia. Upande mwingine tuna methali isemayo lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Wakati wa vita methali hiyo ni hatari, maana huupa uvumi hadhi ya ushahidi.

Silisemi hili kwa ajili ya Marekani pekee. Wanajeshi wetu waliingia Somalia Oktoba 2011. Januari 15, 2016, kambi yao ya El Adde iliposhambuliwa na Al-Shabaab, serikali haikuueleza umma idadi kamili ya waliouawa, na pengo hilo likajazwa na ubashiri wa kila aina, wa serikali na wa wapinzani wake. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola. Siri za vita zitakuwapo, nami sina ugomvi nazo. Ninachoomba ni kwamba kile tunachoambiwa kije na kipimo chake.

Kwa hivyo, msomaji, mara nyingine waziri akisema 'tumebaini' na mpinzani wake akasema 'wanatudanganya', usikimbilie kuchagua upande. Muulize kila mmoja: umejuaje, na kwa kiasi gani? Nao wanahabari na wafasiri wetu wanaoletewa taarifa yenye 'huenda' wasiiache neno hilo lidondoke kwa sababu tu kichwa cha habari hakina nafasi.