Ufunguo wa Kigeni na Suala la Mtunzi katika Hifadhidata za Fasihi

Makala haya yanafafanua namna uhusiano baina ya watunzi na kazi zao unavyowakilishwa katika hifadhidata. Msingi wa mfumo unaohusika uliwekwa mwaka wa 1970 na E. F. Codd, mtafiti wa kampuni ya IBM, aliyependekeza data ipangwe katika majedwali yanayohusiana. Kila safu mlalo hutambulishwa kwa ufunguo msingi. Ufunguo huo unaponukuliwa katika jedwali jingine, huitwa ufunguo wa kigeni.

Tuchukue mfano wa riwaya ya Siku Njema (1996). Katika jedwali la kazi, safu yake hubeba nambari inayoelekeza kwa Ken Walibora katika jedwali la watu. Jina lake huandikwa mara moja tu. Likisahihishwa hapo, limesahihishwa kote. Programu kama Django, iliyotolewa kwa umma mwaka wa 2005, huzigeuza safu hizo kuwa vipengee, hivi kwamba mtumiaji huulizia kazi za mtunzi pasi na kuyaunganisha majedwali mwenyewe.

Hata hivyo, uhusiano wa mmoja kwa wengi hautoshi. Damu Nyeusi na Hadithi Nyingine (2007) ilihaririwa na Walibora pamoja na Said A. Mohamed, ambaye pia ndiye mwandishi wa Utengano (1980). Uhusiano huu wa wengi kwa wengi huhitaji jedwali la kati lenye funguo mbili za kigeni: mmoja wa mtu, mwingine wa kazi.

Jedwali hilo likiongezewa safu wima ya dhima, huweza kutofautisha mtunzi, mhariri na mtu anayehusishwa tu na kazi. Tungo kadhaa kongwe huhusishwa na Fumo Liyongo kwa mapokeo. Ufunguo mmoja wa mtunzi ungemlazimu msanifu ama kuyafanya mapokeo hayo kuwa ukweli uliothibitishwa, ama kuyafuta kwa kuiacha nafasi wazi.

Aidha, sharti iamuliwe kitakachotokea mtu anapofutwa. Palipo na ufunguo mmoja, ufutaji wa mfululizo huondoa hata kazi zake. Palipo na jedwali la kati, kazi husalia lakini hupoteza wenyewe. Uzuiaji, unaokataa ufutaji maadamu uhusiano upo, ndio salama kwa turathi.

Ni bayana, basi, kwamba kusanifu majedwali si kazi ya fundi wa kompyuta pekee. Kila ufunguo ni dai la kihakiki, na mwanafasihi asipoliamua mwenyewe, ataamuliwa.