Sadaka Isiyodai Nyingine

Likoni, Mombasa, haina uhaba wa sadaka. Idd kubwa ikikaribia, mbuzi hufungwa nje ya nyumba Mtongwe na Timbwani, na nyama ikishachinjwa hugawiwa jirani na maskini. Jumapili kapu hupita kutoka kiti hadi kiti makanisani. Ukishuka kusini kwa Wadigo, mvua ikichelewa, wazee wa kaya huchinja na kuomba. Kwa hiyo Mkristo anaposema Yesu ni sadaka, msikilizaji wake hudhani ameshaelewa: binadamu hutoa, Mungu huridhika, binadamu akapata alichoomba. Hata waumini wengi waliookoka miaka na miaka huelewa hivyo hivyo, kisha hushangaa kwa nini wokovu wao umejaa hofu.

Imani ya Kikristo inaligeuza jambo hilo juu chini, na chanzo cha mgeuko huo kimo tayari katika Torati. Sura ya 16 ya Mambo ya Walawi inaeleza Siku ya Upatanisho. Mbuzi wawili waliletwa. Mmoja alichinjwa, na kuhani akaiingiza damu yake patakatifu. Wa pili hakuchinjwa. Kuhani alimwekea mikono kichwani, akaungama dhambi za taifa zima, kisha akampeleka jangwani. Sura inayofuata inatoa sababu ambayo wengi huiruka: uhai umo katika damu, na damu hiyo Mungu mwenyewe ndiye aliyewapa watu kwa ajili ya upatanisho. Yaani hata madhabahuni, mtoaji wa kwanza si yule mwenye mbuzi.

Waraka kwa Waebrania unaanzia hapo. Hoja yake ni ya kisheria kabisa: ibada inayorudiwa kila mwaka inajishuhudia yenyewe kwamba haijamaliza kazi. Kristo alijitoa mara moja, kuhani na sadaka akiwa ni yeye yule, na baada yake hakuna tena sadaka ya dhambi inayohitajika. Mhubiri yeyote anayesema wokovu wako bado una bei, iwe fedha, shamba au mwili wako, anasema msalaba haukutosha.

Lakini kifo kimoja kinaokoaje wengine? Kanisa halikuwahi kukubaliana juu ya jibu moja, na kwa maoni yangu hilo ni jambo jema. Yesu mwenyewe, katika Injili ya Marko, alisema amekuja kutoa uhai wake uwe fidia ya wengi. Origen, katika karne ya 3, alifikiri fidia hiyo alilipwa Shetani, aliyekuwa amewashika watu mateka. Gregory wa Nazianzus, karne moja baadaye, alichukizwa na wazo hilo. Mnyang'anyi hana haki ya kulipwa, alisema, tena kumlipa kwa uhai wa Mungu mwenyewe ni fedheha. Na kama ni Baba aliyelipwa, aliuliza, kwa nini, ilhali si yeye aliyetushika?

Hapa Mombasa bara swali la Gregory si la vitabuni tu. Mwaka 1875 shirika la kimisionari la CMS lilianzisha Freretown upande wa Kisauni, makao ya watu walioopolewa kutoka majahazi ya watumwa. Kule Rabai, chini ya William Jones, mchungaji Mwafrika ambaye mwenyewe aliwahi kuwa mtumwa, watoro kutoka mashamba ya pwani walizidi kumiminika. Mabwana wao wakawadai. Mgogoro ulipokaribia kuwa vita, George Mackenzie wa kampuni ya Kiingereza iliyokuja kutawala Afrika Mashariki alipanga walipwe. Tarehe 1 Januari 1889 watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa katika misheni walitangazwa kuwa huru.

Sina mfano bora zaidi wa fidia kuliko huu, wala unaoonyesha udhaifu wake kwa uwazi zaidi. Kwa upande mmoja, mtoro alipewa uhuru ambao hakuulipia hata pesa moja, na hakuna aliyeweza kumrudisha tena shambani. Hivyo ndivyo Paulo anavyozungumzia neema. Kwa upande mwingine, fedha zilikwenda mifukoni mwa mabwana, kana kwamba kweli walikuwa na haki juu ya watu wale. Fidia, basi, inatueleza gharama na inatueleza uhuru. Tukiisukuma mbele tuulize nani alipokea malipo, tunaanza kumheshimu mtekaji. Anselm wa Canterbury, katika kitabu alichokimaliza mwaka 1098, alijaribu kutoka katika mtego huo kwa kusema deni lilikuwa la heshima ya Mungu. Wengi baada yake wakasema ni adhabu. Kila maelezo yana ukweli wake, ila yote yanapotosha yakisahau jambo moja: msalabani Mungu hakai pembeni akisubiri kuridhishwa. Ndiye anayejitoa.

Likoni yenyewe ina jeraha linalodai tuseme haya kwa uangalifu. Jumapili ya tarehe 23 Machi 2014, watu wenye bunduki waliingia katika kanisa dogo hapa wakati wa ibada na kuwafyatulia waumini risasi. Mama mmoja aliuawa. Mwanawe, aliyekuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu hivi, alibaki hai na risasi kichwani, ambayo kwa taarifa za wakati huo ilikuwa imepita kwanza mwilini mwa mama. Madaktari waliiondoa katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, mwezi uliofuata.

Nimesikia kifo cha mama huyo kikihubiriwa kuwa sadaka iliyopangwa na Mungu. Sikubali. Katika sura ya 2 ya Matendo ya Mitume Petro anahubiri juu ya msalaba bila kuficha kwamba waliomuua Yesu walitenda uovu. Wauaji hawakutoa sadaka yoyote, waliua. Sadaka ilikuwa upande wa aliyejitoa, na hakuna anayeweza kuitoa kwa niaba ya mwingine. Mama akimkinga mwanawe, upendo ni wa mama. Risasi haina utakatifu wowote, wala Mungu hakuwa na haja nayo.

Tofauti hiyo ndiyo iliyopotea Shakahola, kaunti ya Kilifi. Tangu Aprili 2023 miili zaidi ya 400 imefukuliwa katika msitu ule, ya watu wanaodaiwa kufundishwa kwamba wakifunga mpaka kufa watakutana na Yesu. Mhubiri Paul Mackenzie, anayedaiwa kuwafundisha hivyo, amekana mashtaka, na kesi zimesikilizwa katika mahakama za Mombasa. Uchunguzi wa maiti ulionyesha wengi walikufa kwa njaa, na kwamba baadhi, wakiwemo watoto, walinyongwa au kuzibwa pumzi. Mtu asiseme huo ulikuwa Ukristo uliozidi kiasi. Kisa cha Ibrahimu kutakiwa amtoe mwanawe, ambacho majirani zetu Waislamu hukikumbuka kila Idd kubwa, kinaishia na mtoto akishuka mlimani mzima, kwa sababu Mungu ndiye aliyeleta mnyama.

Kwaresma inapofika huulizwa: kama sadaka imekwisha tolewa, tunafunga kwa nini? Mkristo hafungi ili aokolewe. Anafunga akiwa ameokolewa, ili tumbo lisiwe bwana wake na ili kilichosalia kimfikie mwenye njaa, kama Isaya anavyofundisha katika sura ya 58. Ndiyo maana mfungo wa kweli una mipaka. Sheria ya Kanisa Katoliki inawafunga kwa wajibu huo walio na miaka 18 hadi 59 tu, na wagonjwa huruhusiwa kula. Katika Ramadhani vilevile mtoto halazimishwi, na mgonjwa au mama mjamzito anayehofia afya yake ana ruhusa ya kula. Kiongozi wa dini anayemwambia mzazi amnyime mtoto chakula kwa jina la Mungu aulizwe hadharani, mbele ya waumini wote, ameipata wapi amri hiyo. Asipokuwa na jibu, mzazi amchukue mwanawe, watoke, na taarifa ifike kwa chifu na kituo cha polisi siku hiyo hiyo.